Muziki Kando ya Kidonge: Tiba ya Muziki kwa Watu Wenye Kifafa

Mzazi anayelea mtoto mwenye kifafa mara nyingi huwa na daftari. Ni daftari la kawaida la shule, pembe zake zimekunjamana kwa kubebwa mkobani, na ndani yake zimeandikwa tarehe, saa na maneno machache: ameanguka alfajiri, dakika mbili, akalala mpaka saa nne. Daktari wa kliniki hulisoma kabla hajagusa kalamu yake, kwa kuwa ni nadra yeye mwenyewe kumwona mtoto akianguka. Naanza na daftari hili kwa sababu maswali yote yanayoulizwa kuhusu muziki na kifafa hatimaye huishia humo. Tangu mtoto aanze kusikilizishwa muziki, je, mistari ya daftari imepungua?

Jibu halipatikani kwa urahisi, na sababu mojawapo ni kwamba jina la tiba ya muziki hubeba mambo kadhaa yasiyofanana. Wapo wanaolitumia kwa kusikiliza rekodi moja ya piano kila siku, na wapo wanaomaanisha kazi ya mtaalamu aliyesomea kuimba na kupiga ala pamoja na mgonjwa kwa lengo la kitabibu. Wengine wanasikia kuwa muziki unaweza kushika nafasi ya dawa. Ni lazima kamba hizi zifunguliwe moja moja.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Ubongo ulio salama haunyamazi hata mtu akiwa usingizini. Seli zake za neva hupelekeana ishara ndogo ndogo za umeme kwa kupokezana, hizi zikisema na zile zikingoja. Mshtuko wa kifafa hutokea pale ambapo kundi kubwa la seli hizo linafyatuka kwa pamoja bila kungojana. Kwa mtu mmoja, mfyatuko huo utaishia kwenye kona ndogo ya ubongo, naye ataduwaa kwa nusu dakika au kutafuna mate bila kujijua. Kwa mwingine utaenea kote, na hapo ndipo mwili unapokakamaa na kutikisika, jambo ambalo wengi wetu tunalijua kwa jina la kuanguka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na karibu asilimia 80 yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo hilo linasema kwamba hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila kuanguka kabisa iwapo wangechunguzwa vizuri na kupata dawa ifaayo.

Wanaobaki, takribani theluthi moja, ndio wenye kifafa sugu, kile ambacho dawa mbili au zaidi zilizochaguliwa vyema zimeshindwa kukituliza. Kwa ajili yao madaktari wametafuta njia nyingine: upasuaji wa kuondoa sehemu ya ubongo inayoanzisha mshtuko, mlo maalumu wenye mafuta mengi na wanga kidogo, kifaa kinachopandikizwa kifuani ili kusisimua neva ya vagasi inayopita shingoni. Muziki uliingia katika utafiti wa kifafa kwa mlango huo huo, ukitazamwa kama nyongeza kwa watu ambao dawa peke yake haijawatosha.

Uliingia kwa njia ya kuzunguka. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine, Marekani, waliandika katika jarida la Nature kwamba wanafunzi 36 waliosikiliza kwa dakika 10 Sonata ya Piano Mbili, utungo wa ala usio na maneno wa Mozart, mtunzi wa Austria, ule wa mwaka 1781 unaotambulika kwa namba K. 448, walifanya vizuri zaidi katika maswali ya maumbo kwa muda mfupi baada ya kusikiliza. Matokeo hayo madogo, yaliyodumu kwa dakika chache tu, yaligeuzwa mtaani kuwa habari kwamba Mozart huongeza akili za watoto. Mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia aliomba fedha za serikali ili kila mtoto mchanga apewe rekodi ya muziki wa namna hiyo. Ninalitaja jambo hili kwa sababu sonata hiyo hiyo ndiyo iliyohamia kwenye wodi za kifafa, nayo ilihamia ikiwa imeshabeba sifa kubwa kuliko ushahidi wake.

Mwaka huo huo wa 1998, John Hughes, daktari wa mishipa ya fahamu wa Chicago, alichapisha matokeo ya wagonjwa 29 waliosikilizishwa K. 448 huku umeme wa ubongo wao ukipimwa, na kati yao 23 walionyesha kupungua kwa dalili za kifafa katika kipimo. Baadhi walikuwa wamepoteza fahamu, jambo lililowavutia sana watafiti, kwa maana mtu asiye na fahamu hawezi kusemwa kwamba ametulia kwa kuufurahia wimbo.

Hapa inafaa tukitazame kipimo chenyewe kwa karibu. Mgonjwa anaketi au kulazwa, nywele zinagawanywa vijia vidogo, ngozi ya kichwa inasuguliwa kidogo na kupakwa dawa nzito kama gundi, kisha vidude vya chuma vyenye nyaya vinabandikwa kimoja kimoja kuanzia kwenye kipaji hadi kisogoni. Kwenye skrini hutokea mistari inayopanda na kushuka kama mawimbi madogo ya bahari iliyotulia. Kwa mtu mwenye kifafa, katikati ya mawimbi hayo huchomoza ghafla kilele chenye ncha kali, kikafuatiwa na wimbi pana, halafu mambo yakarudi kama yalivyokuwa. Mgonjwa mwenyewe hakusikia kitu, na anaweza kuwa anazungumza na mhudumu wakati kilele hicho kinapita. Nitakiita kilele hicho mruko wa umeme.

Mruko wa umeme haupaswi kuchanganywa na kuanguka. Mtu anaweza kuwa na miruko mingi kwa siku asianguke hata mara moja kwa mwezi, na mwingine akaanguka mara kwa mara huku kipimo cha nusu saa kikionyesha mawimbi matulivu. Habari nyingi zinazosema kwamba muziki hupunguza kifafa kwa asilimia kadhaa zinazungumzia miruko iliyohesabiwa kwenye skrini kwa dakika chache, wakati mzazi anayezisoma anafikiria mistari ya daftari lake. Miruko kupungua wakati wimbo unalia ni dalili kwamba ubongo umeitikia jambo fulani, na ni habari yenye thamani kwa mwanasayansi. Kwa mama aliyeamka usiku wa manane akisikia kitanda kinagonga ukuta, bado si jibu.

Tafiti zilizopima kuanguka kwenyewe zipo, ingawa ni chache na watu wake ni wachache. Nchini Taiwan, kundi la madaktari wa watoto mjini Kaohsiung limechapisha tangu mwaka 2010 tafiti kadhaa za watoto waliosikiliza sonata hiyo kila siku kabla ya kulala, na kuripoti kupungua kwa miruko na kwa mishtuko. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa wenye ulemavu wa ubongo walioishi katika kituo cha matunzo na kupigiwa muziki huo usiku kucha kwa mwaka mzima. Mishtuko yao ilipungua kwa wastani wa takribani asilimia 24. Kisha mwaka 2020, huko Toronto, Kanada, watu wazima 13 walisikiliza kila siku kwa miezi mitatu sehemu ya kwanza ya sonata, na kwa miezi mitatu mingine sauti iliyotengenezwa kutokana na sonata hiyo hiyo kwa kuvuruga mpangilio wake, ili masafa yabaki lakini mdundo uondoke. Walianguka mara chache zaidi katika kipindi cha Mozart. Mpango huo wa Toronto naupenda, kwa sababu kila mgonjwa alilinganishwa na nafsi yake, na kitu kilichoondolewa kilikuwa kimoja tu. Lakini watu 13 ni wachache mno kujengea mwongozo wa hospitali.

Utafiti unaoeleza vizuri zaidi namna jambo hili linavyoweza kufanya kazi ulitoka Dartmouth, Marekani, mwaka 2021. Wagonjwa 16 wenye kifafa sugu walikuwa wamelazwa wakiwa na nyaya nyembamba zilizoingizwa ndani ya ubongo, ambazo waliwekewa kwa ajili ya kutafuta chanzo cha mishtuko kabla ya upasuaji. Kwa hiyo watafiti waliweza kusikiliza seli kwa ukaribu ambao vidude vya juu ya ngozi haviwezi kuufikia. Vipande vya sonata vya sekunde 15 havikuleta tofauti. Iliwabidi wasikilize kwa nusu dakika au zaidi ndipo miruko ipungue, hasa katika sehemu za mbele za ubongo, pande zote mbili. Muziki mwingine uliojaribiwa, ukiwemo wa aina ambayo mgonjwa mwenyewe alisema anaipenda, haukuleta matokeo hayo. Watafiti waliona pia kwamba mawimbi fulani ya sehemu ya mbele yaliongezeka pale sonata inapofunga wazo moja refu na kuingia jingine, wakapendekeza kwamba ubongo hujenga matarajio juu ya wimbo, na kuvunjwa au kutimizwa kwa matarajio hayo kunahusika katika kuzituliza seli.

Ni pendekezo, na wao wenyewe waliliandika hivyo. Mtu aliyekulia kwenye taarabu atalielewa upesi kuliko wengi: vinanda vinapotangulia kwa muda mrefu, ukumbi mzima unajua mwimbaji yu karibu kuingia, na mwili unangoja. Swali ambalo ningependa kuona likifanyiwa kazi Afrika Mashariki ni hili: je, kwa masikio yaliyolelewa na udi, zeze, marimba au kwaya, matarajio ya namna hiyo yanajengwa na Mozart sawasawa na yanavyojengwa kwa mtu wa Vienna, mji alikoishi Mozart? Tafiti nilizozitaja hapa zote zimefanywa mbali na kwetu, na wimbo mmoja umerudiwa rudiwa kana kwamba dunia haina mwingine.

Wenye shaka nao wana hoja nzito. Mwaka 2020 watafiti wa Pisa, Italia, waliunganisha tafiti zilizokuwepo na kuhitimisha kwamba muziki wa Mozart unaweza kusaidia. Miaka mitatu baadaye wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Vienna walizipitia tena kwa hesabu kali zaidi, wakasema kwamba tafiti hizo ni ndogo mno, nyingi hazikueleza takwimu zao kwa ukamilifu, na kwamba hakuna msingi wa kuipa sonata hii sifa ya kutibu kifafa. Makundi mawili yamesoma karibu maandiko yale yale na kufikia mahali tofauti, na kwa msomaji wa kawaida hilo linaweza kuonekana kama ubishi wa wasomi.

Daftari linaweza kutuonyesha chanzo kimojawapo cha ubishi huo. Tuseme mtoto huanguka mara tatu au nne kwa mwezi. Mwezi mmoja unakuja mbaya, anaanguka mara tisa, na wazazi kwa uchungu wanaanza kumpigia muziki kila usiku. Mwezi unaofuata anaanguka mara nne. Muziki unasifiwa, ilhali mara nne ndiyo kawaida yake, na huenda angefika hapo hata bila wimbo wowote. Kifafa hupanda na kushuka chenyewe, na watu hujaribu jambo jipya wakati kimepanda, kwa hiyo karibu kila jambo linalojaribiwa huonekana limefaulu. Ndiyo maana utafiti usio na kundi la kulinganisha hauwezi kuaminiwa kwa jambo hili, hata ukifanywa na watu waaminifu kabisa.

Baada ya kuzipima hoja za pande zote mbili, msimamo wangu ni kwamba ubongo wa mtu mwenye kifafa unauitikia muziki, na mwitikio huo umeonekana kwenye vipimo mara nyingi kiasi cha kustahili utafiti mkubwa zaidi. Kwamba muziki hupunguza kuanguka kwa kiwango ambacho daktari anaweza kumwahidi mgonjwa, hilo halijathibitishwa.

Mpaka hapa tumezungumzia rekodi. Tiba ya muziki kama taaluma ni kitu kingine. Ilianza kufundishwa kwa shahada nchini Marekani katika miaka ya 1940, wakati hospitali zilipojaa askari waliojeruhiwa vitani. Uingereza imeiweka miongoni mwa kazi za afya zinazosajiliwa kisheria, na barani kwetu Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, kimekuwa kikiwafundisha wataalamu wake. Mtaalamu huyo hafiki na sonata mfukoni. Huanza kwa kumjua mgonjwa, anachokumbuka na anachokiogopa, kisha huweka lengo: kupunguza wasiwasi, kurudisha usemi uliodhoofika baada ya upasuaji, kumsaidia mtoto kutulia na kuzingatia. Anaweza kuweka ngoma mbili katikati, akapiga mapigo manne na kungoja. Mtoto asiyesema na mtu anapiga mawili. Mtaalamu anajibu mawili. Mazungumzo yameanza, ingawa hakuna neno lililotamkwa.

Kwa mtu mwenye kifafa, faida ya kazi hiyo haihitaji kusubiri ubishi wa Mozart uishe. Wasiwasi na huzuni huwapata wagonjwa wa kifafa zaidi kuliko watu wengine, na hofu ya kuanguka mbele za watu humfungia mtu ndani kuliko ugonjwa wenyewe. Msongo wa mawazo na kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo ambayo wagonjwa wengi huyataja kuwa yanawatangulia kabla ya kuanguka. Muziki unaomtuliza mtu na kumlaza mapema unaweza basi kumsaidia kwa njia ya pembeni, hata kama hauzigusi seli zenye hitilafu. Na kuna faida ambayo kipimo hakiioni: kijana aliyeondolewa shule kwa kuwa alianguka darasani, akikaa katika duara ambapo zamu yake ya kupiga inangojwa, anarudishiwa nafasi kati ya watu.

Wasomaji wa pwani watakuwa wameshaliona jambo ambalo sijalitaja. Kwetu ngoma na maradhi havikuanza kujuana kwenye maabara. Kupunga pepo kwa ngoma, nyimbo na moshi wa ubani ni desturi ya zamani, na katika familia nyingi mtu anayeanguka amepelekwa huko kabla ya kufikishwa zahanati. Sipuuzi kinachopatikana katika ngoma hiyo, kwa kuwa mgonjwa huzungukwa na jamaa zake na huimbiwa wakati majirani wanamkwepa. Lakini tafsiri inayokuja nayo imewagharimu wengi. Daktari Louise Jilek-Aall, Mnorwe aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, kusini mwa Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta wagonjwa waliotengwa na wenye makovu makubwa ya moto, kwa sababu mtu alipoangukia jikoni wengine waliogopa kumgusa wakiamini kwamba povu lake huambukiza. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kumshika mgonjwa. Vyanzo vyake tunavijua kwa sehemu kubwa: jeraha la kichwa, shida wakati wa kuzaliwa, malaria ya ubongo, mayai ya minyoo ya tegu wa nguruwe yanayofika kichwani, urithi, na kwa wengine chanzo hakionekani.

Ndiyo maana maneno mawili yanayofanana lazima yatenganishwe. Tiba saidizi huenda pamoja na dawa, ilhali tiba mbadala hushika mahali pake. Kwa kifafa, muziki unaweza kuwa ya kwanza pekee. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta kwamba zaidi ya theluthi mbili ya watu wenye kifafa kinachoendelea hawakuwa kwenye matibabu, na huko Kilifi, Kenya, pengo hilo nalo lilizidi nusu. Fenobabitoni, dawa iliyoanza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912, ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa za ugonjwa huu, na bado kuna zahanati inakoisha kabla ya mwezi kuisha. Mgonjwa aliyezoea dawa hiyo akiiacha ghafla, iwe kwa kukosa au kwa kuamini kwamba wimbo umemtosha, anaweza kupata mishtuko mfululizo isiyokatika, hali inayoua. Hakuna utafiti hata mmoja kati ya niliowataja uliowaambia wagonjwa waache dawa ili wasikilize muziki.

Zipo tahadhari chache zinazohusu muziki wenyewe. Watu wachache sana, wanaokadiriwa kuwa mmoja kati ya milioni 10, huanguka kwa sababu ya kusikia muziki, wakati mwingine wimbo mmoja mahususi au sauti ya ala fulani. Daktari Mwingereza Macdonald Critchley aliipa hali hiyo jina mwaka 1937. Mzazi akiona mtoto anaduwaa kila wimbo fulani unapopigwa, auzime na aliandike jambo hilo. Hatari iliyo ya kawaida zaidi kumbini ni taa zinazomweka na kuzimika haraka, ambazo huamsha mshtuko kwa takribani asilimia 3 ya wenye kifafa, pamoja na kukesha na pombe vinavyoandamana na sherehe. Na mtu akishaanguka, muziki hauna kazi tena: alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu naye, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, saa itazamwe, na ikizidi dakika tano akimbizwe hospitali.

Anayetaka kujaribu muziki nyumbani hana haja ya kununua kitu chochote. Aanze kwa kumweleza daktari. Kisha aandike mishtuko kwa miezi mitatu kabla ya kubadili lolote, ili mwezi mmoja mbaya usimdanganye. Halafu aweke muda usiobadilika, tuseme dakika 10 kabla ya kulala, sauti iwe ya chini na simu iwekwe mbali na kitanda ili mwanga wake usile usingizi, na aendelee kuandika kwa miezi mitatu mingine bila kubadili kitu kingine isipokuwa daktari akiagiza. Kwenye daftari achore safu mbili kando ya tarehe, moja ya muziki na moja ya kidonge cha usiku, na aweke alama kila moja inapotimizwa. Mara nyingi safu ya pili ndiyo itakayokutwa na mapengo, na siku ya kliniki daktari atauliza kwanza juu ya mapengo hayo.